Mrowani wangu mwaka jana ulijaa matunda, mwaka huu hakuna kitu. Tatizo ni nini?

#1 Mama Neema (Aberdeen)

Wakuu, habari za jioni.

Mbele ya nyumba tuliyohamia, karibu na geti, kuna mti ambao wenyeji wanauita rowan. Mimi na wanangu tunauita mrowani. Umefika usawa wa dirisha la juu, shina lake laini la kijivu, na kila jani limegawanyika vijani vidogo vyenye meno pembeni, vimepangwa huku na huku mpaka kile kimoja cha nchani.

Mwaka jana mwezi wa nane ulikuwa mwekundu mpaka matawi yanalala. Watu walikuwa wanasimama getini kupiga picha. Mwaka huu mwezi wa tano ulitoa maua upande mmoja tu, vichala vya kuhesabika, na sasa hivi ni majani matupu.

Mume wangu anasema umezeeka, tuukate tupate sehemu ya gari. Jirani yetu mmoja, mzee wa siku nyingi hapa mtaani, alivyosikia akavuka barabara kuja kutuonya kwamba mti huo haukatwi, nyumba itapata mikosi. Hayo ya mikosi tuyaweke kando kwanza. Ninachoomba kujua: kwa nini uzae vile mwaka mmoja na mwaka unaofuata ugome? Unataka mbolea? Unapogolewa? Au ndio unakufa?

#2 Kipepeo77 (Leeds)

Siti ya mbele kabisa. Nami nataka kupanda huu mti, nasubiri wataalamu.

#3 Fundi Bustani (Edinburgh)

Dada Mama Neema, karibu. Hii ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nianze na maswali. Je, mwenye nyumba aliyewatangulia aliupogoa wakati wa baridi? Mrowani huandaa vichipukizi vya maua kiangazi cha mwaka uliotangulia, kwenye ncha za matawi mafupi. Ukija na mkasi Januari ukapunguza ncha zote ili mti "ukae vizuri", umeondoa maua ya mwaka mzima. Hapo mti unabaki na afya yake, majani mengi, matunda hakuna.

Pili, mwezi wa tano huko Aberdeen kulikuwa na jalidi? Maua yakipigwa na jalidi usiku mmoja yanakuwa ya kahawia katikati na hayashiki tunda.

Mbolea usiweke. Huu ni mti wa milimani, Uskoti unapanda mpaka karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko mti mwingine wowote wa hapa, kwenye nyufa za miamba ambako hakuna samadi wala mboji. Ukiulisha nitrojeni nyingi unatoa matawi marefu laini, na matawi laini ndiyo yanayokaribisha magonjwa.

#4 Mpare wa Tampere

Fundi, kwenye jalidi nakupinga. Huku Ufini mrowani unaitwa pihlaja na unaota mpaka Lapi. Maua yake yanachanua wakati jalidi kali zimeshapita, mwishoni mwa Mei na huku kwetu mpaka Juni. Kama jalidi ingekuwa inaumaliza, huku tusingeuona na matunda kabisa.

Jibu ni jepesi. Mti umechoka. Kutengeneza maelfu ya matunda kunakula akiba yote ya wanga iliyoko kwenye mizizi na matawi, na vichipukizi vya maua vya mwaka unaofuata vinaandaliwa wakati uleule matunda yananenepa. Akiba ikienda kwenye matunda, vichipukizi vinakosa. Miembe kwetu Same inafanya hivyohivyo, mwaka wa neema halafu mwaka wa njaa, na hakuna anayeshika shoka.

#5 Mwana wa Kivu (Kristiansand)

Jambo ndugu zangu. Mimi nafanya kazi kwenye shamba la matofaa huku kusini mwa Norwei, na huu mti tunauangalia kuliko hata matofaa yenyewe. Sababu ni nondo mmoja mdogo, jina lake la kitaalamu Argyresthia conjugella.

Nondo huyo anataga mayai kwenye matunda machanga ya mrowani, mwezi wa sita na wa saba. Funza anatoboa, anaingia, anakula mbegu. Chukua tunda Agosti ulikate katikati kwa kisu: utaona njia ya kahawia na badala ya mbegu kuna vumbi. Akishiba anashuka chini, anajifungia kwenye udongo na majani makavu chini ya mti mpaka kiangazi kijacho.

Sasa fikiria wewe ni mti. Ukizaa kiasi kilekile kila mwaka, nondo wanaongezeka mpaka wanamaliza mbegu zako zote. Lakini ukizaa sana mwaka huu halafu mwakani ukanyamaza, nondo waliozaliwa kwa wingi wanatoka udongoni na kukuta hakuna pa kutaga. Wanakufa. Mwaka wa tatu unazaa tena kwa wingi na nondo ni wachache. Wataalamu wa Norwei wamelifuatilia hili kwa miaka mingi, na hesabu zao zinaonyesha mirowani ya eneo zima inakwenda pamoja, mwaka wa wingi ikifuatiwa na mwaka wa uhaba.

Na mwaka wa uhaba ndio msiba wetu sisi. Nondo wakikosa mrowani wanahamia kwenye matofaa. Tofaa moja linachimbwa njia nyingi nyembamba kama nyuzi, halifai tena kuuzwa. Ndiyo maana kila msimu wanahesabu maua ya mrowani msituni kwanza, halafu wakulima tunaambiwa kama tupulizie dawa au tuache.

Kwa hiyo mama, mti wako hauna ugonjwa. Una akili.

#6 Nyuki Mkali (Nakuru)

Mwana wa Kivu, nimekusoma kwa heshima lakini hapo pa miti kukubaliana sijapaelewa. Nani anaiambia miti ya wilaya nzima "mwaka huu tunyamaze"? Mimi nafuga nyuki, na ninachojua ni kwamba bila mchavushaji hakuna tunda. Mrowani ni familia moja na tofaa na pea, na kama ndugu zake wengi, chavua ya mti uleule haifai sana. Unahitaji mti mwingine jirani na wadudu wa kubeba. Mwezi wa tano mkipata mvua na upepo wa mfululizo huko Aberdeen, nyuki hatoki. Mama Neema, kuna mrowani mwingine mtaani kwenu?

#7 Fundi Bustani (Edinburgh)

Nyuki Mkali ana hoja kwenye uchavushaji. Nyongeza ndogo: mrowani hautegemei nyuki wa asali peke yao. Maua yake yana harufu nzito inayokaribia ya samaki, na nzi na mbawakawa wanaipenda. Hao wanafanya kazi hata siku ambayo nyuki wamejifungia.

Lakini jamani tumsome vizuri mleta uzi. Amesema maua yenyewe yalikuwa machache. Nyuki hawaamui idadi ya maua. Nondo naye hali maua, anasubiri tunda. Kwa mti huu, mwaka huu, nondo na nyuki wote hawahusiki. Tunabaki na mambo mawili: mkasi au uchovu.

#8 Mwana wa Kivu (Kristiansand)

Fundi, sikusema nondo amekula maua. Nimesema nondo ndiye sababu ya mti kuwa na tabia hiyo tangu zamani. Miti iliyozaa bila kupumzika mbegu zake ziliishia tumboni mwa funza, iliyopumzika ndiyo iliyoacha watoto. Uchovu anaosema Mpare ni namna mti unavyofanya. Nondo ni kwa nini unafanya. Mnaweza kuwa sahihi wote wawili.

Na Nyuki Mkali, kuhusu kukubaliana: hali ya hewa ni moja kwa miti yote. Kiangazi kizuri kinaipa yote vichipukizi vingi pamoja, ikizaa inachoka pamoja.

#9 Mpare wa Tampere

"Mnaweza kuwa sahihi wote wawili" ndiyo maneno ya mtu anayekaribia kushindwa 😄

#10 Shangazi Zuhura (Leicester)

Watoto wangu, hamjambo. Mnabishana juu ya matawi, hakuna hata mmoja aliyeuliza udongo.

Nimekuwa na mirowani miwili. Wa kwanza ulikaa kwenye mfinyanzi mzito, maji yanatuama wakati wa baridi na udongo unapasuka wakati wa kiangazi. Ule Julai wa 2022, Uingereza ilipovuka nyuzi 40, majani yaligeuka kahawia pembeni ndani ya wiki. Mwaka uliofuata ukachanua sana kuliko wakati wowote, nikafurahi. Mwaka uliofuatia ukafa. Mti unaokaribia kufa wakati mwingine unazaa kwa nguvu zote. Mama Neema, ule wekundu wa mwaka jana usije ukawa ni wa namna hiyo. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha: chini kukiwa kijani kibichi, mti ni mzima. Kukiwa kukavu kahawia, shuka kwenye tawi kubwa ujaribu tena.

Wa pili nilinunua kitaluni ukiwa umeandikwa Joseph Rock, ule wa matunda ya manjano. Miaka kadhaa manjano safi. Halafu matunda mekundu yakaanza upande mmoja, sasa ni mekundu karibu mti mzima. Nimelalamika kitalu, wameniambia ni hali ya hewa.

#11 Fundi Bustani (Edinburgh)

Shangazi shikamoo. Hali ya hewa haigeuzi manjano kuwa nyekundu. Joseph Rock hubebeshwa juu ya shina la mrowani wa kawaida. Chini ya kile kivimbe cha kiungo kulitoka maotea, hayakuondolewa, yakakua kuliko mti wenyewe. Ulilonalo sasa ni mrowani wa kawaida uliomfunika mgeni. Tafuta kivimbe, kwa kawaida kiko karibu na ardhi, fuata kila tawi linalotoka chini yake. Maotea yakiwa machanga yanyofoe kwa mkono mpaka yanapoanzia kwenye mzizi, ukiyakata juujuu yanarudi mengi zaidi. Yakiwa makubwa kiasi unachosema, itabidi msumeno, na ufanye mti ukiwa umelala, baada ya majani kuanguka.

Na huo uliobaki wa manjano uuangalie sana, Joseph Rock unashikwa kirahisi na ule ugonjwa wa bakteria, Erwinia amylovora. Maua na ncha za matawi zinakauka kama zimeunguzwa na moto, ncha inajikunja, majani makavu yananing'inia bila kuanguka. Ukiona hivyo kata mbali chini ya sehemu iliyoungua, choma, osha msumeno kwa dawa kila baada ya mkato.

#12 Shangazi Zuhura (Leicester)

Marahaba. Kivimbe nimekiona, kiko chini ya nyasi nilizopanda mwenyewe kuzunguka shina. Nashukuru mwanangu.

#13 Kipepeo77 (Leeds)

Swali la mtu mwenye njaa: hayo matunda yanaliwa?

#14 Mpare wa Tampere

Yanaliwa, ila usiyatie mdomoni mabichi. Yana asidi inayochoma tumbo, na ladha yake itakukunja uso mpaka jioni. Ukiyapika, ile asidi inabadilika kuwa nyingine isiyo na madhara. Hiyo ya pili ndiyo asidi ya sobiki, ile E200 mnayoiona nyuma ya paketi za vyakula kama kizuia ukungu. Iligunduliwa kutoka kwenye matunda hayahaya mwaka 1859 na mkemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann.

Huku watu wanasubiri baridi ya kwanza iyapige ndipo wavune, au wanayatia kwenye friza. Uchungu unapungua. Halafu wanachemsha pamoja na matofaa na sukari, wanachuja kwa kitambaa, inatoka jeli nyekundu ya kula na nyama.

#15 Dada wa Göteborg

Wasweden wana msemo, mbweha alishindwa kuyafikia matunda ya mrowani akasema "makali hayo". Nilipousikia mara ya kwanza kazini nikawaambia kwetu huyo ni sungura, na alisema sizitaki mbichi hizi. Wenzangu walishangaa kwamba hadithi yao imefika Tanga bila viza.

Mama Neema, kama unataka kula kweli, iko mirowani mitamu iliyochaguliwa. Ule wa Moravia unaitwa Edulis, na ile ya Kirusi ya Michurin, mtaalamu wa kuzalisha miti ya matunda, kama Granatnaja. Ya kwako ya kawaida waachie ndege. Wakati wa baridi wanakuja ndege wenye kishungi, ncha ya mkia manjano, wanaitwa sidensvans. Kundi zima linashuka kwenye mti mmoja, wanameza tunda zima zima, kabla ya saa sita mchana mti mweupe. Mwaka ambao mirowani ya huku kaskazini imenyima, ndege hao wanavuka bahari mpaka Uingereza kutafuta chakula.

#16 Mmachame Halisi (Moshi)

Nirudi kwenye mikosi maana mmeipita haraka. Jirani mzee hakutunga. Uskoti wa zamani mrowani ulipandwa mlangoni na kwenye zizi kuzuia wachawi, walifunga vijiti vyake msalaba kwa uzi mwekundu. Ukitembea nyanda za juu unakuta mahame, kuta zimeanguka, paa hakuna, watu walishafukuzwa zamani kupisha kondoo, na mrowani bado umesimama pale ulipokuwa mlango.

Sisi Wachaga tuna isale. Iko mpakani, iko kaburini, ukimkosea mtu ukamfuata na jani la isale hawezi kukufukuza. Hakuna anayeing'oa ovyo, hata asiyeamini. Mama Neema, mume wako ni mgeni pale. Mti ambao mtaa mzima unauheshimu, ukiukata umewaambia majirani kitu, iwe kuna mikosi au hakuna.

#17 Nyuki Mkali (Nakuru)

Ila kama mti unafukuza wachawi na mwaka huu hauna matunda, basi mtaa ujiangalie 😂

#18 Mmachame Halisi (Moshi)

Nyuki, nimeongea kitu cha maana unaleta mzaha.

#19 Nyuki Mkali (Nakuru)

Pole kaka, hoja yako ya majirani naikubali kabisa.

#20 Dada wa Göteborg

Tukiwa kwenye imani: huku wazee wanasema mrowani ukijaa matunda, baridi inayokuja itakuwa kali. Mwenzangu Mrusi naye kwao wanasema hivyo.

#21 Mpare wa Tampere

Ufini wanasema kinyume! Msemo wao ni kwamba mrowani haubebi mizigo miwili. Ukibeba matunda hautabeba theluji. Kwa hiyo matunda mengi, theluji kidogo.

#22 Fundi Bustani (Edinburgh)

Matunda ya Agosti yanasimulia hali ya hewa iliyopita, wakati vichipukizi vinaandaliwa na maua yanachavushwa. Februari ijayo hayaijui.

#23 Binti Makete

Habari zenu. Nimesoma uzi wote. Huku Makete baridi tunayo, jalidi inashuka mpaka tunafunika miche ya viazi, na matofaa tunalima. Dada Mama Neema, mwakani ukipata matunda naomba mbegu. Nataka niwe wa kwanza.

#24 Fundi Bustani (Edinburgh)

Binti, mbegu ya mrowani imelala usingizi mzito. Kwanza unaitoa kwenye nyama yote ya tunda, maana nyama hiyo inazuia isiote. Halafu inahitaji ubaridi wa unyevu kama wa friji, miezi mitatu minne, na hata hapo nyingine zinasubiri mwaka wa pili. Friji unayo, hilo linawezekana. Kazi ni baada ya kuota. Mti huu unataka baridi ndefu ya mfululizo kila mwaka ndipo vichipukizi viamke. Makete usiku ni baridi, mchana jua. Matofaa yenu yanazaa kwa sababu mmepewa aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna. Mrowani hauna aina ya namna hiyo ninayoijua.

#25 Mwana wa Kivu (Kristiansand)

Na usibebe mbegu mfukoni dada. Mrowani na tofaa wanaugua magonjwa mamoja, na ule ugonjwa wa kuungua aliousema Fundi ukiingia kwenye mashamba ya matofaa ya Njombe ni hasara ya mkoa mzima. Kuna kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea ya Tanzania, na cheti cha afya ya mmea kutoka nchi inakotoka. Wakenya wana KEPHIS, utaratibu ni uleule.

#26 Mmachame Halisi (Moshi)

Binti Makete, kama unachopenda ni lile jani, tafuta Hagenia abyssinica. Iko kwenye milima yetu, Kilimanjaro na Meru, juu kule misitu inapoishia. Familia moja na mrowani, jani limegawanyika vilevile lenye meno pembeni, na ni yetu.

#27 Binti Makete

Asante kaka, hilo nitalifuatilia. Kwa mrowani bado sijakata tamaa, nitauliza kuhusu kibali.

#28 Mama Neema (Aberdeen)

Wapendwa, nimerudi. Asanteni sana, nimesoma kila neno.

Nimekwangua gome kama Shangazi alivyosema, chini ni kijani kibichi kila tawi. Mkasi haukupita, nimemuuliza binti wa mwenye nyumba aliyetangulia, anasema baba yake hakuwahi kuugusa. Jana nikatembea mtaa mzima. Mirowani ya barabara ya nyuma, mitatu, haina kitu kama wa kwangu. Nikasema Mwana wa Kivu ameshinda. Halafu nimefika kituo cha basi, pale kuna mrowani mmoja umejaa kuliko hata wa kwangu mwaka jana. Sasa huo mbona haukukubaliana na wenzake?

Jambo jingine. Mume wangu amekumbuka kwamba mwaka jana mwezi wa tisa alimwaga kokoto upande wa kushoto wa mti kuandaa sehemu ya gari, akashindilia. Na maua machache ya mwaka huu yalitokea upande wa kulia tu.

#29 Shangazi Zuhura (Leicester)

Hapo! Udongo, udongo, udongo. Mizizi ya mrowani inakaa juujuu. Ukishindilia kokoto juu yake hewa na maji vinakosa njia.

#30 Mpare wa Tampere

Shangazi, na mirowani mitatu ya barabara ya nyuma nayo ilimwagiwa kokoto? Kisha tazama miezi: vichipukizi vya mwaka huu viliandaliwa kiangazi cha mwaka jana, kabla ya Septemba. Kokoto zilikuta kazi imeshafanyika.

#31 Fundi Bustani (Edinburgh)

Mpare, vichipukizi vilikuwepo, lakini mzizi uliobanwa wakati wa baridi unaweza kushindwa kuvifungua vizuri. Siwezi kuitupa kokoto nje ya kesi. Mama Neema, wa kituo cha basi angalia vizuri kama kweli ni uleule. Halmashauri nyingi zinapanda aina za bustani, na ziko jamaa zake za kutoka Asia zenye ratiba zao. Hesabu vijani kwenye jani moja, tazama chipukizi la nchani: la mrowani wa kawaida ni jeusi la zambarau lenye vinyweleo vyeupe.

#32 Mwana wa Kivu (Kristiansand)

Hata kama ni uleule, miti yote haifuati mstari. Kila mwaka wa uhaba huku kuna michache inayozaa peke yake, na hiyo nondo wanaijaa mpaka hakuna mbegu inayopona. Mama, nenda kituo cha basi na kisu, kata matunda kumi. Ukikuta funza kwenye mengi, utajua ninachosema.

#33 Nyuki Mkali (Nakuru)

Na mimi nasisitiza, mti wa kituo cha basi uangaliwe una nini jirani. Maua mengine, bustani, mzinga. Msiwasahau wachavushaji.

#34 Mama Neema (Aberdeen)

Kesho naenda na kisu, na nitaangalia chipukizi. Kokoto tunaziondoa Jumamosi kwa uma wa bustani, taratibu, tusikate mizizi. Tutaweka matandazo ya vipande vya gome badala yake. Mume wangu amekubali mti ubaki angalau mpaka tuone miaka miwili ijayo.

#35 Fundi Bustani (Edinburgh)

Matandazo yawe kina cha sentimita 5 mpaka 8, na yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja kuzunguka. Na kwa yeyote mwenye wazo la kukata mti Uingereza na Uskoti, piga simu halmashauri kwanza. Mti unaweza kuwa umewekewa amri ya ulinzi, au mtaa wenu uko eneo la hifadhi, na faini zake si za mchezo.

#36 Kipepeo77 (Leeds)

Mimi nimeshawishika, napanda. Uwanja wangu ni mdogo, nyuma kuna uzio na upepo mwingi. Na majani ya mrowani wa jirani yangu yana madoa ya rangi ya chungwa, hiyo itanihusu?

#37 Fundi Bustani (Edinburgh)

Madoa ya chungwa ni kutu ya majani. Kuvu wake anaishi nusu ya maisha kwenye mrowani na nusu kwenye mti mfupi wa jamii ya mtarakwa, ule wa kijani wenye miiba wanaoupanda sana kwenye bustani. Ukiwa na mtarakwa huo jirani, kutu itakuja karibu kila mwaka. Inachafua majani, mti hauuawi.

Kwa uwanja mdogo chukua Sheerwater Seedling, unakwenda juu bila kutanuka. Subiri Novemba mpaka Machi ununue mche usio na chungu, mizizi wazi, ni nafuu na unashika vizuri. Loweka mizizi kwenye maji wakati unachimba. Shimo liwe pana kuliko lilivyo refu kwenda chini, na pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi, usipafukie. Kwa upepo wako chomeka kigingi cha kuegemeza mche, ufunge chini, theluthi moja ya urefu wa mche, ili juu uyumbe na shina likomae. Kigingi ukitoe baada ya miaka miwili. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia ndoo nzima mara moja kwa wiki kukiwa kukavu, usinyunyize kidogokidogo kila siku. Na kama paa wanafika huko, zungushia wavu, wanapenda gome lake.

#38 Kipepeo77 (Leeds)

Nimeandika yote. Na mmoja unatosha au nipande miwili kwa ajili ya chavua?

#39 Nyuki Mkali (Nakuru)

Miwili.

#40 Mpare wa Tampere

Mmoja. Jirani yako ameshakupandia wa pili.